Koti la Kambi Saba

Baba yangu alifariki Jumanne, na kufikia Alhamisi watu walikuwa wamemsifu mpaka nikashindwa kumtambua. Nilikaa kwenye ukumbi wa Kambi Saba, jeneza lake mbele yangu, nikiwasikiliza wazee wakimweleza Gaudencio Cabanilla mpole, mcheshi, mwenye neno zuri kwa kila mtu. Mtu huyo mimi sikuwahi kukutana naye. Baba niliyemjua aliamka saa kumi alfajiri na hasira zake, akanywa kahawa amesimama, akaenda kwenye mananasi, akarudi jioni mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka unyayo, akaoga, kisha akaingia bustanini kupalilia biringanya na bamia mpaka giza limfukuze. Ukimwita kula, anasema anakuja. Ukimwita mara ya pili, anakutukana. Hivyo ndivyo alivyoishi hapa Hawaii miaka arobaini na mitano. Jumapili zilimtesa. Nilishamwona aking'oa ngazi ya nyuma ya nyumba, ngazi nzima isiyo na kasoro, ili apate kitu cha kutengeneza.

Nasema haya kwa kuwa nilimpenda, na kwa kuwa sikumwomba mtu anisaidie kumkumbuka.

Shangazi Eufemia, dada yake wa pekee, alikuwa amefika Jumatano kutoka Nagsabaran, kijiji chetu kule Ilocos, ng'ambo ya bahari. Mwanamke mfupi, mkavu, amevaa nyeusi tangu uwanja wa ndege. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika picha ya baba akiwa na miaka kumi na minane: nywele zimepakwa mafuta, kidevu juu, na mwilini koti jeusi lenye kola pana.

"Wewe ndiye Ludivina," alisema. "Koti lake liko wapi? Atasafiri nalo."

Hapo lazima niwaambie habari za koti, maana wazee wa kambi hawatawaambia.

Mwaka wa arobaini na sita, vijana kumi na mmoja wa Nagsabaran walishuka melini wakapelekwa Kambi Saba kulima mananasi. Kila mmoja alikuwa ameahidi kutuma picha nyumbani, na hakuna aliyetaka mama yake amwone na suruali ya turubai. Wakachanga, wakanunua koti moja. Siku ya kupiga picha mmoja aliingia studio amelivaa, wengine kumi wakapanga foleni nje na fulana zao, wakisubiri livuliwe. Picha zote zilikatwa kifuani, kwa sababu chini ya koti kulikuwa na turubai ileile. Baada ya hapo koti likatunzwa na Manong Emeterio, manong kwetu ni kaka mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na sanduku lisiloingia mende. Kwa hiyo kule Nagsabaran kila ukuta wenye mtoto Hawaii una koti lile, na juu ya koti kichwa tofauti.

Kijiji kilitazama makoti kumi na moja yanayofanana kikakata shauri lake. Hayo ni makoti ya manyapara. Kampuni inawapa sare.

"Na siku hizi mnapewa bado?" shangazi aliwauliza wazee Jumatano ileile, kwa heshima kabisa, mikono mapajani.

Manong Proceso, ambaye mdomo wake hauna breki, hakupepesa macho. "Tunapewa, dada. Kila baada ya miaka miwili. La zamani unarudisha."

Hakuna aliyecheka. Wazee sita waliobaki kati ya wale kumi na mmoja walitikisa vichwa, na mimi nikatamani niwamwagie birika la kahawa. Kesho yake asubuhi walileta koti limepigwa pasi, wakamvisha baba. Halikumwingia. Mabega yake yalikuwa yamepanuka tangu ujana, ikabidi walichane mgongoni na kulifunga kwa pini, kisha wakarudi nyuma hatua mbili kumtazama kama mafundi waliomaliza kabati.

"Sasa umerudi kuwa mtu," Proceso alimwambia maiti.

Shangazi hakuja kulia tu. Alikuja kumchukua. Alikuwa na barua ya baba ya mwaka wa arobaini na nane, karatasi imekuwa laini kwa kukunjwakunjwa, imeandikwa: nikifa nirudisheni nyumbani. Kaburi lilikuwa limeshajengewa kule, na nakala ya ile picha ya koti imebandikwa juu yake. Chama cha mazishi cha kambi, mwenyekiti Emeterio, kilikuwa tayari kusimamia safari yote.

Nilikataa. Nilisema atazikwa hapa, kando ya mama yangu.

"Sababu?" Emeterio aliuliza. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mtu ambaye sijawahi kumsikia akigombana hata na mbwa.

"Nimeamua."

"Mwanangu, hiyo si sababu. Kuna barua."

"Barua ya kabla hajamwoa mama. Kabla sijazaliwa."

"Nipe sababu nitakayompa dada yake, nami nitasimama upande wako. Baba yako na mimi tulilala chumba kimoja miaka minane. Unadhani sitaki abaki?"

Ninayo sababu, na nilikuwa nimeapa kuimeza.

Miezi miwili kabla, baba akiwa kitandani na mapafu yamekwisha, aliniita. Nikadhani anataka chungu cha kutemea. "Ludi," akasema, "usinipeleke kule."

"Kule wapi?"

"Nagsabaran. Wakija na barua, wakija na nini, usikubali." Akanyanyua mikono yake miwili mbele ya uso wangu kana kwamba sijawahi kuiona. Vidole vimepinda kwa jembe, kucha mbili hazipo, na ncha za vidole laini tupu. Maji ya nanasi yanakula ngozi. Alipoomba uraia, afisa alimpaka wino mara nne, na mara nne karatasi ikatoka na madoa bila mstari hata mmoja. Yule afisa akamuuliza kama amezichoma kwa makusudi.

"Watafungua jeneza," baba akasema. "Kijiji kizima kitapanga mstari. Kila mtoto atashika mkono wangu auweke kwenye paji la uso wake, kama desturi ilivyo. Wataushika, Ludi. Watajua."

"Na wakijua? Ulilima. Watu wote kule wanalima!"

"Wao hawakusema uongo."

Nikasema basi nitawaeleza wazee ili wamtetee. Akakaza macho, akapata nguvu ambazo wiki nzima hakuwa nazo. "Usiwaambie! Mdomo wako huo! Nizike na mama yako, na usimwambie mtu kwa nini. Sema umekataa."

"Nikatae hivihivi, bila sababu?"

"Umekataa kila kitu maisha yako yote bila sababu. Leo ndiyo umeanza kuona aibu?"

Nikaapa. Alipokufa, nilimnunulia glavu nyeupe na kumvisha mwenyewe kabla hajaletwa ukumbini. Shangazi alipouliza, nilimwambia ndivyo watu wanavyozikwa huku. Kwa hiyo na mimi nilikuwa nimetia mkono wangu katika uongo ule, na bado nilikuwa nawatazama wazee kwa dharau.

Alhamisi mchana, baada ya sala, shangazi alijifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akasogeza kiti kichwani pa jeneza. Kwetu ndugu wa kike humwambia maiti maisha yake yote kwa kilio, mema yake na lawama zake, na kilio hicho tunakiita dung-aw. Anayelia hakatizwi. Hata akikuchoma wewe mbele ya watu, unakaa unasikia.

"Kaka yangu, kaka yangu Gaudencio," alianza, sauti yake ndogo ikipanda na kushuka, "ulipanda meli na viatu vya kuazima, ukafika ukapewa koti. Ulitembea kati ya mashamba umenyoosha kidole, fanyeni hiki, acheni kile. Wewe na wana wote wa Nagsabaran, manyapara watupu! Mama alikufa akiwa na picha yako chini ya mto. Baba alikufa akiuliza umefika wapi njiani."

Wazee walikuwa wameinamisha vichwa. Wake zao walijipepea. Mimi nilijikausha.

"Kila mwaka nilifagia chumba chako, kaka. Kila Krismasi nilitandika kitanda chako, na kila Krismasi nikakitandua. Ni mwanamke gani huyo aliyekufunga miguu? Ni Benita gani huyo aliyekufanya usahau mlango wa kwenu? Alikula jasho lako, akala na miguu yako, akakuzuia—"

Benita ni mama yangu. Alikuwa na miaka kumi kaburini. Mama yangu alipanga masanduku mara mbili kwa safari ya Nagsabaran, mara moja nikiwa na miaka saba, mara ya pili nikiwa na kumi na mitano, na mara zote mbili baba aliyafungua usiku wa kuamkia safari, akarudisha nguo kabatini moja moja, bila kusema neno. Mara ya pili mama alikaa juu ya sanduku tupu mpaka mchana. Hakumwona tena mama yake mzazi, aliyebaki kule ng'ambo.

Nilingoja shangazi amalize, maana nimelelewa. Akamaliza. Akajifuta macho na kurudi kitini kwake. Sikuwa na kitambaa cheusi. Nilivua sweta yangu nikajifunika kichwani, nikaenda kukaa palepale alipokuwa amekaa yeye, na kiti kilikuwa bado cha moto.

"Baba," nikasema. Sijui kulia kwa kupanda na kushuka, nimezaliwa huku. Nilisema tu. "Baba, uliniapisha, na sasa naenda kukuvunjia kiapo, kwa sababu hawa wamemtukana mke wako na wewe huwezi kuinuka."

"Ludi," Emeterio akasema.

"Baba, hukuwahi kumnyooshea mtu kidole. Ulinyooshewa wewe. Mwaka wa kwanza ulipalilia, ukiinama na jembe fupi, na ukinyoosha mgongo nyapara anapiga filimbi. Miaka ishirini na minane ulichuma, na majani yakakuchana mpaka ukafunga magunia miguuni. Ulipozeeka ukapewa kufagia ghala, ukalifagia kana kwamba ni kanisa. Koti hili ulilivaa dakika tano, na wenzako kumi wako mlangoni wanakuambia fanya haraka."

"Ludi, basi!" Emeterio alisimama. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia dung-aw ikikatizwa, na ilikatizwa na mtu asiyegombana na mbwa.

Sikukoma. Nilikuwa nimepandwa na hasira, na nitasema ukweli, nilisikia raha. "Wanasema wote walikuwa manyapara, baba. Kumi na mmoja, wote na koti. Kama wote walikuwa manyapara, nani alikuwa akichuma?"

Proceso alikuwa anatazama viatu vyake. Mke wake alikuwa ameacha kujipepea.

"Mama alipanga masanduku mara mbili. Wewe ndiye uliyeyafungua. Uliogopa mikono yako. Uliniambia nisikupeleke kwa sababu watakushika mkono. Basi na washike hapa." Nikaivuta glavu ya kulia. Iligoma kwenye kifundo cha kidole gumba, nikaivuta tena ikatoka.

Shangazi alikuja polepole. Alimshika kaka yake mkono kwa mikono miwili, akainama, akauweka kwenye paji la uso wake. Kisha akapitisha kidole gumba chake juu ya ncha za vidole vya baba, kimoja baada ya kingine. Alipogeuka hakunitazama mimi.

"Proceso," akasema, "wewe ulikuwa nyapara wa nani?"

Proceso, mwenye jibu la kila kitu, akageuka kumtazama Emeterio.

"Emeterio? Dada yako Pacita anasimama mbele ya picha yako kila sikukuu ya mtakatifu wa jina lako, anawaonyesha wajukuu. Anawaambia mkisoma mtakuwa kama babu mkubwa. Nimwambie nini?"

"Kuchuma, dada," Emeterio akasema. "Palizi, halafu kuchuma. Halafu jikoni kambini, kuosha masufuria."

Wengine wanne walikuwa wameshatoka nje. Emeterio akaja kwenye jeneza. Alizipapasa pini moja moja, akazitoa mgongoni mwa baba kwa uangalifu, wakasaidiana na Proceso kumwinua, wakamvua koti. Baba akabaki na shati lake jeupe la kwenda kanisani, lililopigwa kiraka kwenye kola na mama. Emeterio alilikunja koti na kuliweka kwenye mkono wake.

"Atazikwa Jumamosi," alisema. "Hapa." Hakunitazama na yeye.

Kwa hiyo nilishinda.

Jumamosi wazee sita walimbeba baba mpaka kaburini, na wana wao wakishika pembeni. Hakuna aliyenipa mkono. Kwetu msiba hauwi na njaa. Siku hiyo jikoni kwangu lazima pangekuwa na masufuria ya watu kumi, nyama ya nguruwe, tambi, mboga ya mlonge, vikapu vya keki za mchele, mpaka ukose pa kuweka. Nilikuwa na sufuria yangu moja ya wali. Shangazi ndiye peke yake aliyekula, vijiko vitatu.

Jumapili alifunga sanduku lake. Picha aliizungushia taulo.

"Kaburi la Benita nimekwenda," aliniambia mlangoni. "Nimemwomba radhi. Wewe sikuombi."

"Sijasema uniombe."

"Ungeweza kuniita kando. Jikoni. Mimi na wewe. Ningeusikia ukweli wako, ningelia, ningewaambia kijijini kwamba mpwa wangu amekataa, mpwa wangu ni mshenzi, na wangeniamini." Akachukua mkoba. "Kakangu angebaki hapa na koti lake, na hawa wazee wangebaki na yao. Ulikuwa na njia hiyo, Ludivina. Hukuitaka kwa sababu isingekuwa na watu wa kukusikia."

Nilimjibu kitu kibaya ambacho sitakiandika. Gari lilikuja, akaenda.

Wiki mbili baadaye Emeterio alisimama kwenye geti langu. Alikuwa amestaafu mwaka ule, na kambi nzima ilijua kwamba Krismasi alikuwa anakwenda Nagsabaran kwa mara ya kwanza tangu meli. Barazani kwake kulikuwa na maboksi manne, yamejazwa tangu Machi: sabuni, nyama ya kopo, viatu vya wajukuu wa Pacita, vyote vimeandikwa majina. Nilikuwa nimepita pale asubuhi. Maboksi yalikuwa yamefunguliwa, na mkewe alikuwa anamgawia jirani sabuni.

Alikuwa na koti kwenye mfuko wa plastiki. Sehemu iliyochanwa mgongoni ilikuwa imeshonwa, mishono midogo ya mwanamume aliyejifunza mwenyewe.

"Chukua," alisema.

"Manong, mimi la nini? Si la baba. Ni lenu."

"Sisi hatuna kazi nalo tena."

"Krismasi si unaondoka?"

"Niende kumwona nani?" Aliuliza bila ukali, kama anayeuliza saa ngapi. "Pacita ameandika. Barua fupi. Anauliza kama niko mzima, basi. Picha hajaitaja."

Nikasema pole. Nikasema baba alikuwa ameniomba asipelekwe, na sikuwa na njia nyingine. Nikasema walimtukana mama yangu. Nilikuwa najitetea haraka haraka, mtu wa miaka thelathini na mitano, mpishi wa shule, kwenye geti langu mwenyewe.

Alinisubiri nimalize. Na yeye alilelewa.

"Baba yako alikuomba unyamaze mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja."

"Sisi tulimnyamazia miaka arobaini na mitano, na hakutuomba."

Aliutundika mfuko kwenye geti, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa bado imekunjwa kifuani, akaenda zake barabarani, taratibu, akikwepa madimbwi.

Baba yuko hapa. Nikisimama kwenye sinki langu naona makaburi, naona la mama na lake, na bustani yake ya biringanya nimeiacha ikamezwa na majani kwa sababu sina mgongo wake. Koti nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Siku moja nililivaa. Ni jepesi, kitambaa cha bei ndogo, na chini ya kwapa limeng'aa kwa jasho la vijana kumi na mmoja. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha. Emeterio alikuwa anapita barabarani wakati ule. Aliniona nimelivaa, akageuza uso, na tangu siku hiyo anapita njia ya nyuma.